Kabla ya Kupima Unga, Mwulizeni Mama

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Wasomaji wapenzi, na hasa nyinyi mama zetu, dada zetu na binti zetu, wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama haraka laweza kudhaniwa ni la maofisi na magari meupe yenye bendera, wala si la nyumba zetu. Ni suala la kuwafunza wale wanaogawa misaada wakati wa maafa, ili wajue namna ya kukaa na watu, kuwasikiliza, na hasa kuwasikiliza wanawake. Nimelichagua kwa sababu nimelishuhudia kwa macho yangu, na kwa sababu, kama mtakavyoona, linafika mpaka kwenye milango ya misikiti yetu na mifuko yetu ya futari.

Namboboto ni kijiji cha Samia, katika kaunti ya Busia, kusini ya ule mji wa mpakani ambao malori huupitia kuingia Uganda. Wenyeji wengi ni Wasamia, watu wa jembe na wavu, na jamaa zao wapo pande zote mbili za mpaka. Kusini zaidi, katika tambarare za Budalang'i, Mto Nzoia unamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Watu wa huko wanaujua mto huo kama sisi tunavyoujua upepo wa kusi: wanaishi nao, wanakula kwa sababu yake, na wanauogopa. Kingo za udongo zilizojengwa kuuzuia zimebomoka si mara moja wala mbili. Mwaka 2020 mvua zilipofululiza, mto ulifurika na ziwa nalo likapanda kwa wakati mmoja. Mwezi Mei wa mwaka huo Ziwa Viktoria lilifikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo. Familia nyingi zilihama na vyombo vichwani. Anayekimbia maji hukimbilia shule, kanisa, msikiti, au kwa shemeji yake aliye kwenye mwinuko.

Nilikwenda huko miaka michache baada ya mafuriko yale, kwa mwaliko wa watu waliokuwa wakiwafunza vijana wa kujitolea. Walitaka watu wa dini wakae nao, padri mmoja na sheikh mmoja, kwa kuwa maafa yanapotokea watu huja kwanza kwetu kabla ya kwenda kwa yeyote mwingine. Njiani nilipita Mumias, mji ambao misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliufikia katika karne ya kumi na tisa na kuacha nyuma yake Uislamu na Kiswahili. Nikajiambia kwamba wazee wetu walifika huku na shanga na nguo. Sisi wa leo tutazame tunafika na nini.

Mwalimu mkuu wa mafunzo alikuwa muuguzi, mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa maswali. Siku ya kwanza aliwatuma vijana kwenye baraza wakaulize watu wanahitaji nini maji yakija tena. Wakarudi na karatasi iliyojaa: mahindi, maharagwe, mablanketi, sabuni na vyandarua, orodha iandikwe kwa jina la mkuu wa kila nyumba, ugawaji ufanyike kituoni saa kumi jioni, watu wakishatoka mashambani. Ilikuwa karatasi safi. Mwalimu akaisoma mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Haya yamesemwa na nani?" Vijana wakatazamana. Yalikuwa yamesemwa na wanaume sita waliokaa kwenye viti vya mbele. Wanawake walikuwapo, tena wengi kuliko wanaume, lakini walikaa kwenye nyasi nyuma, na hakuna aliyefungua kinywa ila kuitikia salamu.

Siku ya pili mwalimu akawatuma mabinti wawili wanaozungumza Kisamia wakakae na akina mama peke yao, chini ya mwembe, mbali na baraza. Mimi na padri tulibaki na wazee, kama adabu inavyotaka. Jioni, kwa idhini ya wale akina mama, maneno yao yalisomwa mbele yetu bila ya majina. Nayaandika hapa kwa kuwa kila moja lina funzo.

Walisema kwamba orodha ikiandikwa kwa jina la mkuu wa nyumba, mke wa pili haonekani. Bwana ni mmoja, gunia ni moja, na majiko ni mawili. Sisi Waislamu hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Uadilifu baina ya wake ni sharti, na mgawaji asiyeijua nyumba anaweza kumsaidia mtu kudhulumu bila ya kukusudia. Walisema kwamba mahindi makavu si chakula mpaka yasagwe, na mashine ya kusaga inataka pesa, kwa hiyo mama huuza sehemu ya mahindi ili asagishe yaliyobaki. Walisema kwamba ugawaji wa saa kumi jioni maana yake ni kurudi nyumbani gizani, na mzigo kichwani, kwa njia ya vichaka. Walisema kwamba vyoo vya kambi havikuwa na komeo kwa ndani, na kwamba katika vifurushi vyote walivyowahi kupewa hakuna aliyekumbuka mahitaji ya mwanamke ya kila mwezi.

Kisha wakazungumzia vyandarua. Katika vijiji vingi vya kandokando ya ziwa, vyandarua vya mbu huonekana vimetandazwa juani na kuanikiwa omena. Wageni wakiona hivyo husema watu hawa hawana shukrani wala elimu. Mama mmoja aliuliza: anayelala chini katika darasa la shule, na watoto wanne, atakitundika wapi? Omena ndiyo riziki iliyobaki, na omena isipokauka inaoza. Hakukataa chandarua, alitaka aulizwe kuhusu kamba na misumari. Wahenga wetu walilisema hili zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini neno zito kuliko yote halikusemwa chini ya mwembe. Msichana mmoja aliwafuata wale mabinti wawili njiani wakirudi, akawaambia kwamba katika maafa yaliyopita mtu aliyekuwa akiandika majina alimwambia jina lake litaandikwa "wakielewana". Hakueleza zaidi, na hakuhitaji kueleza. Katika baadhi ya fuo za ziwa hilo kuna mazoea mabaya yanayoitwa jaboya, ambapo mvuvi hampi mwanamke samaki wa kuuza mpaka ampe nafsi yake. Maafa yanapokuja, mazoea hayo hubadilisha nguo tu: jana alishika wavu, leo ameshika kalamu na orodha.

Mafunzo yakasimama kwa muda. Mwalimu hakuwaruhusu vijana waanze kuulizana ni nani na lini. Aliwaambia kwamba siri ya msichana si hadithi ya kusimuliwa wakati wa chai. Wao si mahakimu wala wapelelezi. Kazi yao ni kumsikiliza kwa upole, kumhakikishia kwamba kosa si lake, kumweleza mahali anapoweza kupata tiba na ulinzi, na kulifikisha jambo kwa waliopewa jukumu hilo, kwa ridhaa yake, bila ya kulitangaza. Kisha akawasomea masharti ambayo kila mgawaji misaada anapaswa kuyatia saini: msaada ni haki ya mhitaji, hauna malipo ya fedha, wala ya mwili, wala ya namna nyingine yoyote, na anayeyavunja hafukuzwi kimyakimya ili aajiriwe kwingine.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Busia peke yake. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, watu walikwenda kuokoa maisha na baadhi yao wakadhulumu heshima. Tume huru iliyoteuliwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021 na kutaja watuhumiwa 83, ambao 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo hilo. Wanawake wengi walikuwa wameahidiwa kazi. Umoja wa Mataifa ulikwisha kulipiga marufuku jambo hili kwa waraka rasmi tangu 2003. Waraka ulikuwapo, waliokosekana ni watu waliofunzwa kuuheshimu, na wanawake waliojua mahali pa kulalamika.

Jioni ile mzee mmoja wa pale, mtu wa busara na mwenye ndevu nyeupe, alinijia kwa upande. Akaniambia, "Sheikh, wewe ni mtu wa dini. Hawa vijana watatuvunjia nyumba zetu. Mwanamume akiwa hai, mkewe anaulizwa nini?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, niruhusu nikupe kisa."

Nikamsimulia habari za Hudaybiyya, mwaka wa sita wa Hijra. Mtume (S.A.W.) na maswahaba wake walizuiwa kuingia Makka, mkataba ukaandikwa, na nyoyo za watu zikavunjika. Aliwaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa nywele; kwa ukubwa wa huzuni, hakuna aliyesimama. Akaingia katika hema la mkewe, Ummu Salama (R.A.), akamweleza yaliyompata. Bibi huyo akamshauri atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo hasa, na watu wote wakamfuata. Katika saa ngumu, yule anayeteremshiwa wahyi alisikiliza rai ya mwanamke, akaitekeleza mbele ya jeshi zima, na nyumba haikuvunjika. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akacheka kidogo. "Basi waulizwe," akasema, "lakini waulizwe asubuhi, mchana wana kazi ya kupika." Nikamwambia kwamba hata saa ya kuwauliza, hilo pia waulizwe wao.

Ndugu zangu, wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba kuwashirikisha wanawake ni fikra ya kigeni iliyoletwa na wafadhili. Waisome sira. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamweleza kwamba wanaume wamewashinda kwa kumzunguka, basi awatengee wao siku yao, naye akawatengea, akawafundisha na kuwasikiliza. Yale mazungumzo ya chini ya mwembe ni jambo lilelile: siku yao, mahali pao, na mabinti wenzao wa kuwasikiliza. Anayeogopa mchanganyiko usiofaa baina ya wanaume na wanawake, dawa yake ni kuwafunza wanawake wengi zaidi kazi hii, si kuwanyamazisha wenye njaa. Tena tunasoma habari za Khawla binti Tha'laba (R.A.), aliyekuja kumlalamikia mumewe na kujadiliana na Mtume (S.A.W.) katika jambo lake. Sura nzima, Al-Mujadila, imepewa jina kwa kisa chake. Malalamiko ya mwanamke yalisikiwa mbinguni. Vipi yasisikiwe kwenye foleni ya unga?

Na kuhusu namna ya kupokea malalamiko, hakuna mwalimu bora kuliko Sayyidna Umar (R.A.). Usiku mmoja alimkuta mama amebandika chungu cha maji na mawe ili kuwaliwaza watoto wenye njaa, na mama yule, bila ya kumjua, akamlalamikia Umar mwenyewe kwamba anawatawala watu na kughafilika nao. Umar hakumwambia, "Ndiye mimi unayenisema." Hakujitetea. Alikwenda akabeba unga kwa mgongo wake, akakataa mtumishi amtwalie mzigo, akapika kwa mikono yake mpaka watoto wakashiba. Nilipowasimulia vijana kisa hiki, mwalimu wao muuguzi, ambaye si Mwislamu, aliomba nikirudie ili akiandike.

Sasa, mafunzo yenyewe yanapaswa kuwa na nini? Kuna mwongozo unaotumiwa duniani kote katika kazi hizi, unaojulikana kwa jina la Sphere, ulioanzishwa 1997. Unataja vipimo: kila mtu apate maji yasiyopungua lita 15 kwa siku, bomba moja lisizidi watu 250, maji yasiwe mbali zaidi ya meta 500, choo kimoja cha pamoja kisizidi watu 20, na vyoo vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume. Ni vipimo vizuri, na kijana aliyefunzwa lazima avijue kama anavyojua hesabu ya kuzidisha. Lakini kipimo hakikwambii kwamba bomba limewekwa karibu na kilabu cha pombe, na kwamba wasichana hawatapita hapo jua likizama. Hilo analijua mama peke yake.

Kwa hiyo mafunzo ya kweli humfundisha mgawaji mambo matatu ambayo hayamo katika mizani. La kwanza ni kuuliza, tena kumwuliza anayestahiki kuulizwa: mjane, mke wa pili, bibi kizee anayelea wajukuu, msichana mwenye ulemavu, kwa lugha yao na mahali wanapojisikia salama. La pili ni kunyamaza. Kijana mwenye cheti hupenda kujaza kimya kwa maneno yake, na mama mwenye haya huhitaji kimya hicho ili aseme. La tatu, na ndilo gumu, ni kurudi. Watu wa Namboboto walisema wameandikwa na kuulizwa mara nyingi, na aliyeuliza hakuonekana tena. Kama jambo haliwezekani, rudi useme haliwezekani, na sababu yake. Ahadi ni deni, na hata jibu la hapana ni malipo.

Faida yake ni uhai wenyewe. Sisi wa pwani tunaikumbuka Jumapili ya Desemba 26, 2004, tsunami ilipopiga Aceh, nchi ya Waislamu wenzetu, na mawimbi yake yakafika Somalia mpaka fuo zetu. Miezi michache baadaye shirika la Oxfam lilitazama hesabu za walionusurika katika vijiji kadhaa vya Aceh, likakuta wanaume wamebaki wengi kuliko wanawake, mahali pengine karibu watatu kwa mmoja. Wanaume wengi walikuwa baharini wakivua au mbali na ufuo kwa shughuli zao. Wanawake walikuwa nyumbani na watoto mikononi, na wengi hawakujua kuogelea wala kupanda miti. Mpango wa maafa usioanza na swali "mama yuko wapi saa hii, na amebeba nani?" umekwisha kumwacha nyuma.

Na sasa narudi kwetu. Mto Tana hufurika kama Nzoia, na watu wa Garsen na vijiji vya delta wanalijua hilo. Lakini tusisubiri mafuriko. Kila Ramadhani misikiti yetu na wafadhili wetu hugawa unga, mchele, sukari, mafuta na tende, Mwenyezi Mungu awalipe. Naomba tujiulize kwa ikhlasi: katika kamati ya ugawaji, yumo mwanamke hata mmoja? Orodha ya mafukara wa mtaa, nani anaijua zaidi: sisi tunaokutana barazani, au mama anayejua ni jiko gani halijawashwa tangu jana? Na zile picha, mama wa watu ameinamisha uso akipokea mfuko huku simu tatu zinamwelekea, zina maslahi ya nani? Qur'ani imetuonya kwamba sadaka hubatilishwa kwa masimango na maudhi. Aliyepokea mchele na kuvuliwa stara, amepewa nini?

Nashauri mambo machache yanayowezekana. Kila kamati ya zaka na futari iwe na akina mama wawili au watatu wenye amana, nao ndio wazunguke majumbani. Wajane na wenye haya wapelekewe kwao, usiku, bila ya picha. Pawepo mama mmoja anayejulikana, ambaye mwanamke mwenye malalamiko anaweza kumfikia bila ya kupita kwa mwenye kugawa. Na binti zetu waliosoma, wanaokaa nyumbani wakingoja ajira, waruhusiwe na wahimizwe kujiunga na mafunzo ya kujitolea, kama yale yanayotolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ili siku maji yakipanda, mama zetu wapate wa kuzungumza nao bila ya kuona haya.

Kina baba wenzangu, tusilione hili kuwa ni kupunguziwa heshima. Mchunga huulizwa juu ya alichokichunga, na hatuwezi kukijibia tusichokijua. Nanyi mama zetu, mkiulizwa, semeni. Kunyamaza kwenu kwa ajili ya adabu ni pambo, lakini haki ya mtoto mwenye njaa si yenu peke yenu hata muisamehe kwa haya.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watu wa Namboboto, wa Budalang'i, wa delta ya Tana na kila anayelala akisikiliza maji. Atujaalie mikono inayotoa kwa stara, na masikio yanayotangulia mikono hiyo. Amin. Wabillahi tawfiq.